Migomba Ishirini Niliyoihesabu Mara Mbili

Siku hizi wajukuu wangu huiuliza simu maswali na simu ikawajibu. Wanasema hiyo ni akili mnemba. Hunieleza taratibu, kwa sauti ya mtu anayemwongoza mgonjwa kwenda chooni. Mimi huwasikiliza. Siwaambii kwamba somo hilo nililisoma chuo kikuu kabla mama zao hawajazaliwa, enzi zile redio ilipokuwa ikituambia asubuhi na jioni kwamba nchi ni changa na kila mmoja ashike jembe. Siwaambii kwa sababu swali litakalofuata ni kama nilifaulu.

Nilifaulu. Ndiyo taabu yenyewe.

Nilikwenda chuoni kusoma Historia na Kiswahili. Mwaka wa pili mhadhiri mmoja Mzungu, mrefu, aliyevaa kaptura hata siku za mvua, alibandika tangazo kwamba anataka wanafunzi kumi na wawili wa somo jipya: mashine zinazofikiri. Kumi na mmoja walitoka hesabu na fizikia. Mimi nilivutwa na mstari wa mwisho wa tangazo, uliosema kwamba wanaolisoma somo hilo watalipiwa nauli ya kwenda kufanya utafiti nyumbani kwao. Kutoka Dar es Salaam mpaka Bukoba ni treni hadi Mwanza, kisha meli. Mwenye kwao Morogoro asingeusoma mstari ule mara mbili. Mimi niliusoma mara mbili, nikajiandikisha.

Kompyuta yenyewe hatukuiona kwa miezi mitatu. Ilikuwa katika ofisi ya serikali mjini, kwenye chumba chenye baridi, na ilikuwa na nafasi yetu siku moja tu kwa wiki, ikishamaliza mishahara ya watu. Sisi tulitoboa kadi. Kila kadi ilikuwa na matundu, na matundu yalikuwa na maana, na maana hiyo waliielewa watu kumi na mmoja. Mimi niliwatazama nyuso. Wakitikisa kichwa, nami natikisa. Wakicheka, nami nacheka.

Jirani yangu wa dawati, kijana mpole wa Moshi, aliniinamia siku moja akanong'ona, "Dada, leo umecheka kabla hajamaliza kusema."

"Nilijua atafikia wapi," nikamwambia.

"Alikuwa anaeleza ratiba ya mtihani."

Katika madaftari yangu ya mwaka ule kuna sentensi moja niliyoipigia mstari kwa wino mwekundu. Mhadhiri alisema: nusu ya mifano yako ifundishe mashine, nusu nyingine ifiche, mashine isiione kabisa, halafu uiulize ile iliyofichwa. Niliandika neno kwa neno. Sikuelewa hata kidogo kwa nini mtu afiche. Sokoni kwetu anayeficha nusu ya mali ana lake jambo. Ningeweza kunyoosha mkono nikauliza, lakini kunyoosha mkono kungewaonyesha wale kumi na mmoja kwamba wa kumi na mbili hayumo. Nikapiga mstari mwekundu nikafunga daftari.

Ulipofika wakati wa utafiti, mhadhiri alituita mmoja mmoja. Alitaka kila mtu alete ujuzi wa kwao ambao haujaandikwa popote, augeuze kuwa maswali ya ndiyo na hapana, ili mashine iweze kujibu kama mwenye ujuzi. Nikasema ndizi. Nikamweleza kwamba kwetu kuna ndizi za kupika na kuna embile, ndizi za pombe, na kwa mgeni zote ni kijani na zote zinaning'inia, lakini kumpikia mtu embile ni aibu inayoweza kumrudisha mke kwao.

Macho yalimng'aa. "Na wewe unaweza kuzitofautisha?"

"Mimi ni Mhaya, mwalimu."

Nilisema kweli. Hakuuliza zaidi, na mimi sikuongeza kwamba nilikulia Kibeta, mjini Bukoba, kwenye nyumba ya baba yangu, karani wa bandarini, yenye migomba sita nyuma ambayo mama aliishughulikia mwenyewe. Ndizi niliyoijua mimi ilikuwa imeshakatwa, imeshabebwa, iko sokoni, na upande mmoja umekaa muuzaji wa chakula na upande mwingine wa pombe. Bei yake niliijua. Uso wake sikuujua.

Alitaka migomba sitini. Nikamwambia kwamba mvua za kwetu hazina huruma na vibanja, mashamba yetu ya migomba, viko mbali mbali, akashuka mpaka hamsini. Nikanyamaza kama ninayefikiria jambo la huzuni. Akashuka mpaka arobaini. Nilitoka ofisini nimefurahi. Sikujiuliza nilikuwa ninampunguzia nani.

Shangazi yangu, dada yake baba, aliolewa Muleba. Mumewe alikuwa amekufa miaka miwili nyuma. Aliacha kibanja kilichoshuka kutoka kwenye nyumba hadi karibu na kijito, na binti wawili walioolewa mbali, na hakuacha mwana wa kiume. Kwa ukoo wa mumewe, hilo la mwisho ndilo lilikuwa habari. Shemeji zake walikuwa wameanza kupita pale bila sababu, wakitazama migomba kama watu wanaotazama kiti kitakachoachwa wazi.

Nilifika kwake na daftari. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mwendo wa haraka, na Kiswahili alikitumia kwenye mikutano tu. Mambo yetu yote tuliyasema Kihaya. Nilimweleza mashine. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo serikali imenunua kitu kisichojua ndizi," alisema, "na wewe umetumwa kukifundisha."

"Ndiyo, shangazi."

"Na wewe nani atakufundisha?"

Tukaingia kibanjani. Kwenye kila mgomba niliuliza maswali yangu: shina lina weusi mwingi au kidogo? Vidole vya mkungu vimebanana au vimeachana? Vimepinda kwenda juu? Ncha ni butu? Alijibu ndiyo, hapana, ndiyo, kwa subira ya mtu anayejibu maswali ya polisi. Kabla ya kuniambia kama ni wa chakula au wa pombe, kila mara aliinua mkono, akachoma ndizi moja kwa ukucha wa kidole gumba, akautazama utomvu, akaugusa kwa ulimi. Halafu akasema. Nilimwona akifanya hivyo kila mara. Sikuandika. Nilidhani ni mazoea tu, kama mtu anayejikuna sikio kabla ya kuongea.

Kwenye mgomba wa kumi hivi alisimama akaniambia, "Mwanangu, unaniuliza amevaa nini. Huniulizi ni nani."

Nilicheka. Safari hii sikuwa na watu kumi na mmoja wa kuwaangalia, nikacheka tu.

Tulipita migomba ishirini, yote ya upande wa juu, karibu na nyumba. Kisha mvua ilinyesha siku tatu, na siku ya nne nilipanda basi kwenda Bukoba kwa sababu senene, panzi wetu wa kuliwa, walikuwa wameanguka na rafiki zangu walikuwa Nyanga wakiwakaanga. Nilikusudia kurudi. Wiki mbili zilipita kwa namna wiki zinavyopita mtu akiwa na senene na rafiki. Siku ya kupanda meli nilikuwa na migomba ishirini, na mhadhiri alikuwa anangojea arobaini.

Nilikaa kwenye benchi la meli nikaifungua karatasi mpya. Nikaandika migomba ile ile ishirini tena, kwa mpangilio mwingine. Wa kwanza nikaufanya wa thelathini na tatu, wa saba nikaupeleka wa ishirini na mbili. Hapa na pale nilibadilisha kitu kidogo, weusi mwingi ukawa wa kiasi, ili isionekane. Nilipomaliza nilihesabu. Arobaini. Nikahesabu tena. Arobaini.

Chuoni tulitoboa kadi, zikaenda mjini. Migomba ishirini ya juu ya orodha iliifundisha mashine, na ishirini ya chini, ile iliyofichwa, mashine iliulizwa. Karatasi ilirudi ndefu kama mkeka. Mhadhiri aliisoma akiwa amesimama, akavua miwani, akaniita mbele ya darasa. Mashine ilikuwa imejibu sawa yote ishirini. Hakuna mwingine aliyekaribia. Yule kijana wa Moshi, aliyekuwa amechunguza magonjwa ya mahindi kwa uaminifu mpaka akaugua malaria, mashine yake ilikosea theluthi nzima.

"Umefanyaje, dada?" aliniuliza, na hakukuwa na wivu katika sauti yake.

"Ndizi si mahindi," nikamjibu.

Jambo ninaloona haya zaidi kuliko uongo wenyewe ni kwamba niliamini. Nilijua nilichofanya kwenye benchi la meli, lakini karatasi ilikuwa imechapwa na mashine ya serikali, na mtu ambaye hajaelewa kwa nini nusu inafichwa hawezi kuelewa ni kitu gani kimeharibika isipofichwa. Nilidhani nimedanganya hesabu ya migomba tu. Ujuzi wenyewe nilidhani umo. Nilikunja karatasi ya maswali ambayo mashine iliyachapa, kumi na moja kwa mpangilio, kila jibu likikusogeza mpaka ufike chakula au pombe, nikaiweka kwenye begi kama cheti.

Likizo iliyofuata nilirudi Muleba nayo.

Nilimkuta shangazi amekonda. Ukoo ulikuwa umeweka siku. Wazee watatu wa upande wa mumewe wangekuja, wawili wakiwa shemeji zake wa damu, na balozi wa nyumba kumi angekaa nao kwa niaba ya chama. Shangazi alinieleza akiwa anamenya maharage, bila kuinua kichwa. Wazee walitaka kibanja kirudi kwa mtoto wa shemeji mkubwa. Balozi alikuwa amesema waziwazi kwamba siku hizi ardhi ni ya anayeilima, awe mke au mume, na kwamba yeye amemwona mama huyu akilima. Kwa hiyo wazee walikuwa wamebakiwa na neno moja tu: kwamba halimi vizuri, kwamba kibanja kimemshinda.

"Kimekushinda?" nikauliza.

"Kitanishindaje? Kila mgomba najua ulitoka kwa nani."

Desturi ni kwamba wageni wa shauri kama hilo hula kwanza, na hula kitu kilichotoka kwenye kibanja chenyewe. Chakula kile ni ushahidi wa kwanza. Lakini siku yenyewe iliangukia zamu ya shangazi kwenye shamba la ujamaa la kijiji, na kutokwenda, mbele ya balozi yule yule, kungekuwa ni kumvunjia wakili wako meno. Akaondoka alfajiri na jembe. Mlangoni aligeuka.

"Kata ule ulio nyuma ya jiko. Ule wa pembeni, umeegemezwa nguzo. Umekomaa. Pika na maharage, na wale dagaa wa Goziba uweke kando, mzee mmoja hali samaki."

"Nimesikia, shangazi."

"Nyuma ya jiko," alisema tena.

Niliuona ule wa nyuma ya jiko. Mkungu wake ulikuwa wa wastani, chane saba. Nilizihesabu mara mbili na zilibaki saba. Nikawaza: wazee watatu, balozi, shangazi, mimi, na neno lenyewe ni kwamba kibanja kimemshinda, halafu awawekee mkungu wa chane saba? Nikateremka kijitoni, upande ambao sikuwahi kuufikia na daftari. Kule chini kulikuwa na mgomba wenye mkungu wa chane kumi na moja, mzito, umeinama kama mtu anayesalimia wakubwa. Nikatoa karatasi. Niliuliza maswali yote kumi na moja kwa mpangilio wake, nikijibu mwenyewe. Weusi wa shina, kiasi. Vidole, vimeachana. Vimepinda. Ncha, butu. Karatasi ikasema chakula. Nilirudia kutoka juu. Ikasema chakula.

Nikakata.

Wakati wa kumenya utomvu ulikuwa mwingi kuliko nilivyozoea kumwona mama akihangaika nao. Ulishika kisu, ukashika vidole, ukawa wa kahawia. Ndani ya ndizi kulikuwa na madoa ya rangi hiyo hiyo. Nilijilaumu kwa kutojua kumenya. Hilo tu.

Shangazi na wageni waliingia pamoja. Walikutana njiani, na balozi alikuwa anamsifu kwa sauti: matuta mangapi amepiga leo, vijana wamekaa. Nilimwona shangazi anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nifike. Wazee walikaa kwenye nyasi mbichi nilizotandika, wakapewa kahawa za kutafuna, wakatafuna, wakaulizana habari za mvua. Nikapita na maji ya kunawa. Nilipofika kwa shangazi alininyooshea mikono, kisha macho yake yakashuka kwenye vidole vyangu vya kahawia.

Alivitazama kwa muda wa mtu kusema jina lake. Halafu akanawa.

Alijua pale pale, na hakukuwa na chakula kingine ndani ya nyumba. Nilifungua majani, mvuke ukatoka, na yeye mwenyewe akasukuma chakula mbele ya wazee kwa mikono miwili, akasema kwa neno letu la heshima, "Karibuni, waitu."

Shemeji mkubwa alimega akatia mdomoni. Akatafuna mara mbili. Akaacha. Hakutema, alikuwa mtu mwenye adabu. Alimeza kama anayemeza kidonge, akaomba maji. Mzee wa pili alimega kidogo sana, akakiweka tena kwenye jani, akakifunika kwa kipande cha jani kingine, taratibu, kama mtu anayefunika maiti.

Wa tatu, aliyekuwa mcheshi wa ukoo, ndiye aliyesema. "Shemeji, sisi umri umekwenda. Pombe tumezoea kuinywa. Hii ya kutafuna ungetuambia tuje na meno."

Hakuna aliyecheka, hata yeye. Balozi alikuwa bado ana tonge mkononi, akitazama ukutani.

"Aliyeukata mkungu huu ni nani?" aliuliza shemeji mkubwa.

Mimi nimepunguza bei za watu wagumu kuliko mzee yule. Nimekaa na wavuvi, na wenye malori, na mafundi wanaoapa kwa mama zao. Sijawahi kukosa neno. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango wa jiko, karatasi ya mashine iko kwenye mfuko wa gauni langu, na nilijua jibu lake kwa maneno mawili tu: ni mimi. Nilivuta pumzi. Nikawaza wale kumi na mmoja, sijui kwa nini, wakigeuka wote kunitazama.

"Ni mimi," alisema shangazi.

"Wewe?"

"Nilikuwa na haraka ya kwenda shambani. Kulikuwa bado giza."

"Hata gizani," shemeji mkubwa alisema polepole, "mke wa kibanja huukata mkungu kwa mkono, si kwa macho." Akamgeukia balozi. "Ndugu balozi, wewe umesema anailima. Tumekubali anailima. Sasa umekula anachokijua."

Balozi aliweka lile tonge chini. Alisema maneno machache kuhusu usawa, na yalikuwa maneno mazuri, lakini aliyasema kwa watu waliokuwa na uchungu mdomoni, naye mwenyewe akiwa nao. Jua halijafika utosini walikuwa wamekubaliana. Shangazi angebaki na nyumba na upande wa juu. Kuanzia katikati kwenda kijitoni ungekuwa wa mtoto wa shemeji.

Walipoondoka nilianza kusema, "Shangazi, karatasi ilisema…"

"Ilete."

Nikampa. Hakujua kusoma, lakini aliitazama juu mpaka chini, akapitisha kidole kwenye mistari. "Huu mgomba wa kijitoni tuliuuliza, wewe na mimi?"

"Hapana."

"Tuliuliza mingapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa sentensi ile nyekundu. Nimesimama jikoni, majivu miguuni, miezi mingi baada ya mtihani. Mashine ilikuwa haijajua ndizi. Ilikuwa imejua migomba ishirini ya nyuma ya nyumba ya shangazi yangu, na nilipoiuliza ile ile ishirini kwa majina mengine, ilinirudishia nilichoipa. Ingekosea mgomba wa ishirini na moja, na mhadhiri alitaka nusu ifichwe ili kosa hilo litokee pale darasani, kwenye karatasi, mahali ambapo halimuumizi mtu.

"Ishirini," nikamwambia. "Niliandika arobaini."

Kisha akanishika mkono akanipeleka kijitoni, kwenye kisiki nilichokikata. Alichagua ndizi iliyoanguka, akauchukua ukucha wangu, akauchoma ndani, akauinua hadi mdomoni mwangu. Utomvu ulikuwa mchungu na mkavu, ulimi ukajikunja.

"Huyu zamani alikuwa wa chakula," alisema. "Aligeuka mwaka aliokufa mume wangu. Hugeuka wengine. Huwezi kumjua kwa nguo."

Nilimwuliza kwa nini alisema ni yeye.

"Ningesema ni wewe, wangesema nimeshaanza kuleta ukoo wa kaka yangu unikatie migomba. Wangechukua chote." Alifuta mkono wangu kwa jani. "Lakini wewe ungesema."

Hakurudia maneno hayo tena katika miaka yote aliyoishi baadaye, na alinipokea kila nilipokwenda. Mimi alama zangu sikuzirudisha. Nilifika mpaka mlangoni kwa mhadhiri nikiwa na karatasi, nikasikia anacheka na mtu ndani, nikageuka. Mwisho wa mwaka alirudi kwao, na ndizi za shangazi ziko sijui wapi katika maandishi yake, arobaini, zote sawa.

Wiki moja baada ya shauri walikuja kuweka mpaka. Mtoto wa shemeji alichimba mashimo, akapanda miche ya mpaka mstari mmoja kutoka upande hadi upande. Shangazi alisimama uani akitazama. Mimi nilishuka nikapita kati ya migomba iliyokuwa inakwenda, mmoja mmoja, nikichoma ndizi kwa ukucha, nikigusa kwa ulimi. Ilikuwa thelathini na minne. Ya chakula ishirini na minane, embile sita. Ndiyo ile niliyoikimbia kwa ajili ya senene.

Niliihesabu mara moja, nikapanda kwenda kumwambia.